Damu Iliyosikia Kishindo

Mjukuu wangu huyu alikuwa akizimia kwa tone moja la damu. Si bakuli, si kijiko: tone. Mbu akipigwa ukutani akaacha alama nyekundu, mtoto yuko chini. Baba yake, mwanangu wa kwanza, fundi wa kuchomelea vyuma, akijikwangua kidevu wakati wa kunyoa, mtoto keshajinyoosha sakafuni kabla baba mtu hajafuta povu. Siku moja alianguka kwa kuona nyanya iliyopasuka. Hilo la nyanya nimeliongeza mimi, lakini yeye mwenyewe hajawahi kulikana. Basi tukamwita Tone, na jina likamganda kuliko lile la kwenye cheti.

Huyo huyo Tone leo anashika damu kutwa nzima! Anaichota, anaipasha joto, anaizungusha kwenye mashine, anaiinamisha huku na huku na kuitazama kama mtu anayemsubiri mgeni mlangoni. Nikiwaambia watu wananijibu, bibi wewe, uongo wako hauna mfuniko. Safari hii sina haja ya kudanganya. Nitadanganya kidogo tu, kwa mazoea.

Ilianzia kwenye goti. Alikuwa msichana mdogo wa shule, akakimbilia mlango wa nyuma, akajikwaa kwenye kizingiti, goti likachubuka. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumdaka zaidi yangu, na mimi nilikuwa na sufuria ya moto mikononi. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, leo ukizimia utaanguka peke yako." Tunaitana hivyo, mimi na yeye, tangu alipojua kusema. Akaona kuzimia bila mdakaji hakuna faida. Akakaa chini, akakaza macho kwenye goti lake, akaitazama ile damu ikitoka, ikipunguza mwendo, ikisimama.

"Bibi," akaniita kwa sauti ya kunong'ona, "nani ameifunga?"

Mimi sikukaa dawatini hata siku moja, lakini sijawahi kukosa jibu. Nikamwambia ndani ya damu wanaishi watu wadogo wenye sindano na uzi. Wakisikia ngozi imechanika wanakuja mbio, wanashona wavu, damu inanasa humo.

"Na nani anawaita?"

"Wana mpiga filimbi wao."

Aliwaamini watu wangu wadogo miaka na miaka. Siku alipoanza masomo ya maabara alirudi nyumbani anahema, hata mkoba hajautua, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Bibi, ulinidanganya! Lakini si sana." Akanieleza kwamba sindano hakuna, ila uzi upo kweli. Ni protini. Zinaogelea kwenye damu zimejikunja, na ngozi ikikatika zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka ile ya mwisho inakuwa nyuzi na kusuka wavu. Nyingine wamezipa namba badala ya majina, kama mabasi. Yeye alikuwa anaipenda ya nane. Mtu mzima, na cheti chake cha shule, anapenda namba! Nikacheka hadi nikapiga chafya.

Hapo niwaambie kuhusu chafya yangu, maana itakuja kuhitajika. Chafya yangu si ya kawaida. Imewahi kumwangusha jogoo kutoka juu ya uzio akiwa katikati ya kuwika. Jirani yetu akiisikia huwa anatoka nje kutazama kama kuna gari limegonga ukuta. Haina dalili ndefu, inakuja na mizigo yake yote kwa mara moja.

Tone alipata kazi kwenye maabara ya utafiti. Mwanzo walimweka chini, chumba kisicho na dirisha, kazi yake kuosha mirija ya kioo na chupa. Mikono ilikuwa inanuka sabuni hata siku za mapumziko. Aliosha vizuri, akauliza maswali mengi, akawa anapanda juu wakati wa kula na kuchungulia wenzake wanafanya nini. Mkuu wa ile kazi, mwanamke mrefu mwenye miwani anayoipandisha kichwani kisha akaitafuta, tunamwita Daktari. Daktari akachoka kumkuta mlangoni. Akamwambia, "Wewe binti, ingia ndani au funga mlango." Akaingia.

Ndani kulikuwa na sungura. Chumba kirefu, kuta nyeupe, vizimba vya chuma vimepangwa pande zote mbili, majani makavu chini, kila kizimba na chupa yake ya maji imening'inia. Mezani visanduku vya mbao vyenye tundu la kutokeza kichwa, sungura akae humo atulie wakati wa kuchukuliwa damu kwenye mshipa wa sikio. Mmoja wao alikuwa dume kubwa la kijivu, sikio moja limepinda. Walimwita Askari. Ikidondoka kalamu, Askari alipiga sakafu ya kizimba kwa miguu ya nyuma: du! Sungura ndivyo wanavyopeana habari za hatari. Ukifungwa mlango kwa nguvu: du! Mtu akivuta kiti: du! Tone akirudi nyumbani alikuwa akituigizia mezani mpaka vikombe vinaruka.

Sasa, walichokuwa wakikitafuta. Mwili wenyewe unatengeneza vitu fulani vidogo sana vya kupeleka habari: adrenalini, serotonini, histamini na ndugu zao. Jina la ukoo wao ni amini. Wanapita kwenye damu kama watu wenye taarifa ya haraka. Daktari alitaka kujua wakipita mle wanazifanya nini zile protini za kugandisha damu. Zinaongezeka? Zinaamka upesi? Wakishajua, siku moja labda watamsaidia mtu ambaye damu yake inaganda mahali isipotakiwa, ndani ya mshipa, akaanguka ghafla. Alikuwa anawajaribu mmoja mmoja, na zamu ile ilikuwa ya adrenalini. Kazi akampa Tone aiendeshe kwa mikono yake mwenyewe. Alikuja nyumbani siku hiyo anaruka ngazi mbilimbili.

"Bibi! Mimi! Amenipa mimi!"

"Amekupa nini, mke mwenzangu?"

"Sungura wote!"

Utaratibu alinieleza mpaka nikauota. Sungura wa kundi la kwanza wanachomwa adrenalini kidogo. Wa kundi la pili wanachomwa maji ya chumvi tu, ambayo hayafanyi kitu, ili uwe na wa kulinganisha naye. Kisha damu ya kila mmoja inaingia kwenye mrija wa kioo, mrija unasimama ndani ya maji ya vuguvugu, na Tone anauinamisha kidogo, anauinua, anauinamisha. Damu ikiteremka, bado. Ikikataa kuteremka, imeganda, na hapo mwenzake anasimamisha saa. Mwenzake huyo ni mwanamume mzima asiyecheka, saa imefungwa shingoni kwa kamba. Anaitwa Mzee wa Saa. Damu inayobaki inakwenda kwenye mashine kupimwa zile protini, ya nane ikiwemo.

Tone akapanga zamu mwenyewe. Adrenalini haikai mwilini, inapita upesi, kwa hiyo aliona watangulie wale waliochomwa dawa. Wa maji ya chumvi wasubiri kwenye visanduku vyao pale pale mezani, maana, kama alivyosema kwa majivuno, "maji ya chumvi hayana haraka." Msemo huo ulimpendeza hata Mzee wa Saa, akawa anautumia. Maabara nzima ikawa inasema maji ya chumvi hayana haraka.

Wakapima. Wa dawa, damu iliganda upesi, kama walivyotarajia. Wakapima wa maji ya chumvi. Iliganda upesi vile vile.

Wakarudia baada ya sungura kupumzishwa. Vile vile! Protini ya nane imepanda kwa wote, waliochomwa dawa na wasiochomwa. Sasa utamwambia nani kwamba adrenalini inafanya kazi, ikiwa maji matupu yanafanya kazi hiyo hiyo? Tone akabadilisha dawa, akabadilisha chumvi, akaosha mirija yote upya kwa mikono yake. Mzee wa Saa akabadilisha saa.

Daktari hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa meza akamwambia, "Binti yangu, nina nafasi ya kupima mara moja tu. Wa chumvi wakiganda tena kama wa dawa, kazi hii naifunga, chumba anapewa mwingine, na wewe itabidi urudi chini kwenye mirija."

Hakuja anaruka ngazi jioni hiyo.

Tulikuwa mezani, mimi, yeye na baba yake. Tone anazungusha kijiko bila kula. Mimi siwezi kuona mtu anazungusha kijiko nikanyamaza, basi nikaanza ya kwangu. Nikamsimulia nilivyofukuzwa na fahali la jirani nikiwa msichana. Niliruka uzio wa seng'enge, urefu wake ni kama wa nyumba hii, ule waya ukanichana mguu kuanzia hapa mpaka hapa. Nikakimbia mpaka nyumbani, nikakaa, nikautazama mguu. Hata tone! Mguu uko wazi kama kitabu na damu haitoki!

"Mama," mwanangu akaingilia, "mwaka jana ulisema alikuwa mbwa."

"Kwa mbali alikuwa mbwa. Aliposogea akawa fahali. Usinikatize. Nikasema kwa nini damu haitoki? Kumbe ilikuwa imeshaganda zamani. Iliganda kabla waya haujanigusa! Ilisikia kishindo cha fahali nyuma yangu, ikajua leo tutachanika, ikajiweka tayari."

Mwanangu alicheka akapaliwa. Tone naye alicheka, cheko la kwanza siku nyingi. Kijiko kikasimama.

"Bibi. Rudia hapo."

"Kwenye uzio?"

"Hapana. Hapo pa kishindo."

"Damu ilisikia kishindo, ikaganda kabla."

"Kabla," akasema. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake kwa kishindo hasa, na nadhani hicho kiti ndicho kilichomalizia kazi, maana aliruka akashika kifua, kisha akakitazama kile kiti kama kimemwita jina. "Askari! Ni Askari! Bibi, nimepata! Baba, nimepata!"

"Umepata nini?" mwanangu akauliza. "Kaa kwanza ule."

Thubutu akae! Alikuwa anazunguka meza, mikono inaruka. "Ukiogopa, mwili wako wenyewe unamwaga adrenalini kwenye damu. Ile ile ninayowachoma! Mwili unajitayarisha kwa jeraha ambalo bado halijaja. Sasa wale wa chumvi nimewaweka wapi? Mezani! Wamebanwa kwenye visanduku, wanatazama wenzao wanachomwa, na Askari nyuma yao anapiga du, du, du. Mpaka zamu yao inafika wameshaogopa mpaka basi. Nawachoma chumvi, kumbe dawa wameshajipa wenyewe kwa ndani!"

"Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli," nikasema.

"Bibi, hukusema kweli hata kidogo. Ulikuwa umechanika, damu ilitoka, na alikuwa mbwa."

"Lakini ilisikia kishindo."

"Ilisikia kishindo," akakubali, akanibusu utosini, akakimbilia simu.

Tulimsikia kutoka mezani. "Daktari, kosa ni zamu. Ndiyo, zamu niliyoipanga mimi. Maji ya chumvi yalikuwa na haraka kuliko dawa... Nimejuaje? Kwa fahali... Fahali wa Bibi... Hapana, hayupo, alikuwa mbwa." Akasikiliza. Kisha akaweka simu, uso unawaka. "Amesema angepaswa kuliona na yeye. Amesema, thibitisha."

Weee! Maabara ikageuka karakana. Mwanangu akaenda naye maabara akiwa na zana zake. Kigari cha kubebea vizimba kilikuwa kinalia kwa magurudumu kama paka aliyekanyagwa mkia. Akakivua magurudumu, akayavalisha mpira, akayatia mafuta, kikawa kinapita kama kivuli. Bawaba za milango nazo akazipaka. Askari akahamishiwa mwisho wa korido, milango miwili katikati. Tone akaomba chumba kidogo cha pembeni kilichokuwa na makorokoro, akakisafisha, akatandika taulo mezani. Huko sungura ataingia peke yake, hamwoni mwenzake, hamsikii mwenzake. Na zamu wakazichanganya, wa dawa na wa chumvi, bila mpangilio.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya moyo. Alikaa na kila sungura mapajani, amemfunika taulo, mkono mgongoni, mpaka pumzi za mnyama zikashuka. Kila siku hivyo. Siku za kwanza walimkojolea. Alirudi nyumbani na sketi imelowa anacheka, "Leo yule mweupe amelala! Bibi, amelala mapajani mwangu, pua imeacha kutetemeka!" Ungemsikia, ungedhani amezaa.

Siku ya kupima nikasema nakwenda. Tone akasema siendi. Nikasema fahali ni wangu. Akampigia Daktari akitumaini kwamba atakataa, na Daktari akasema, "Mlete, nataka kumwona. Ila akae nje ya kioo, na asitoe sauti."

"Bibi, umesikia? Hata kikohozi."

"Mke mwenza, mimi jiwe."

"Wewe jiwe? Wewe redio."

Nikavaa viatu vya kitambaa. Wakaniketisha koridoni kwenye kiti, mbele ya kioo kikubwa, mlango wa kile chumba kidogo uko pembeni yangu umeachwa wazi kidogo ili usiwe wa kufunguliwa na kufungwa. Ndani Tone na Mzee wa Saa. Daktari akasimama nyuma yangu. Jambo jipya walilolifanya ni hili: sindano zilijazwa na Daktari mwenyewe, akazizungushia utepe, zenye utepe mwekundu kitu kimoja, zenye utepe wa bluu kitu kingine. Tone hakujua ipi ni ipi. Mzee wa Saa hakujua. Mimi ndiyo kabisa. Daktari peke yake alijua, na uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa.

Sungura wa kwanza akaletwa na kigari cha mwanangu, kimya kabisa, kwenye taulo. Akachomwa. Wakasubiri. Damu kutoka sikioni, ikaingia kwenye mrija, mrija ndani ya maji. Tone akauinamisha. Ikateremka. Akauinua, akauinamisha. Ikateremka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kama niko juu ya farasi. Utepe mwekundu. Inainama, inateremka. Inainama... ikagoma! Mzee wa Saa akabonyeza. Upesi huo, hata chungwa usingelimenya nusu.

Wa pili, bluu. Inainama, inateremka. Inainama, inateremka. Chungwa lingeshamenywa. Inateremka! Chungwa lingeshaliwa, na maganda yametupwa. Inateremka bado! Nikamgeukia Daktari, macho yamenitoka, akaniwekea kidole mdomoni kama mtoto. Ndani, Tone hakuinua kichwa, lakini nilimwona masikio yanapanda. Mjukuu wangu akifurahi masikio yanapanda, tangu mdogo.

Mwekundu: upesi. Bluu: taratibu. Bluu tena: taratibu, nzito, kama asali inayofikiria. Mwekundu: pap! Sikuhitaji shule kuliona hilo. Utepe ulikuwa unasema peke yake. Mzee wa Saa, ambaye hajawahi kucheka, alikuwa anameza mate mfululizo. Kadiri walivyoendelea ndivyo nilivyozidi kutaka kupiga makofi. Nikaikalia mikono yangu.

Akabaki mmoja. Kajike kadogo keupe, kale kalikowahi kulala mapajani. Kakaletwa, kakalazwa, kakachomwa. Utepe wa bluu. Wakasubiri.

Na hapo ikanijia.

Ilikuwa ni ile harufu ya dawa ya kupigia deki sakafu, naapa. Chafya ilipanda puani polepole, kitu ambacho haijawahi kufanya, kana kwamba na yenyewe imeambiwa ijifiche. Nikabana pua. Nikavuta mtandio nikajaza mdomoni. Nikawaza mambo ya huzuni. Nikawaza jogoo yule, maskini. Daktari akaniona, akaelewa, akanyoosha mkono kunisaidia kubana, na tukawa watu wazima wawili tunagombania pua moja. Haikusaidia. Ilitoka na mtandio wote.

Kioo kilitetemeka. Mwisho kabisa wa korido, nyuma ya milango miwili, Askari akajibu: du! Ndani, kale kajike kakasimamisha masikio yote mawili na macho yakawa makubwa kama vifungo vya koti. Tone akageuka akanitazama kupitia kioo. Sijui niuelezee vipi ule mtazamo. Mtu aliyebeba trei ya mayai mji mzima, akajikwaa mlangoni kwake.

Nikafungua mdomo niombe radhi. Daktari akanikamata bega, kwa nguvu. "Usiguse," akamwambia Tone kwa sauti ya chini kupitia ule upenyo wa mlango. Uso wake sasa haukuwa mlango uliofungwa tena. "Usimtulize. Subiri kidogo. Sasa chukua."

Tone akachukua damu. Mrija majini. Akauinamisha, ikateremka. Akauinamisha.

Ikagoma.

Utepe wa bluu, na imegoma upesi kama mwekundu! Mzee wa Saa aliitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

Daktari akaingia ndani, mimi nyuma yake, hakuna aliyenikumbuka kunizuia. Akaipandisha miwani kichwani. "Mwekundu ni adrenalini," akasema. "Bluu ni chumvi. Wote."

"Na huyu?" Tone akauliza.

"Huyu alichomwa chumvi. Halafu akachomwa chafya."

Kisha Mzee wa Saa akacheka. Nasema kweli tupu: alicheka mpaka kamba ya saa ikamkaba. Daktari akacheka akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Tone akawatazama, akanitazama mimi, masikio yakaanza kupanda.

"Kwenye hesabu hayumo, tunamtoa," Daktari akasema, akimshika Tone mabega yote mawili. "Wengine wote wametoa jibu safi. Chumvi ni chumvi, dawa ni dawa. Kazi yako imesimama, binti. Lakini huyu mdogo... sindano moja bila dawa, kelele moja, na damu imebadilika mbele ya macho yetu! Mashine ikituonyesha ya nane imepanda kwake, kuna kazi nyingine hapa, na hiyo pia ni yako. Hushuki chini. Sitaki hata uoshe mrija leo."

Mchana mashine ikajibu. Kwa wa dawa, ya nane imepanda. Kwa wa chumvi, imetulia pale pale. Kwa kale kajike, imepanda. Tone alikuja koridoni anakimbia, anapiga viatu sakafuni, hajali tena Askari, na Askari akawa anampigia: du, du, du, kama mtu anayeshangilia. "Bibi! Bibi! Imepanda!" Akanikumbatia akaniinua kutoka kwenye kiti. Nimenenepa siku hizi, lakini aliniinua, nikazunguka mara mbili hewani nikagusa taa. Taa nimeiongeza.

Kale kajike wamekaita Chafya. Majirani nawaambia maabara imeniajiri, natumiwa gari asubuhi, napiga chafya mbele ya wataalamu, naandaliwa kiti chenye mto. Tone anapita akisikia anasema, "Msimsikilize, tunatumia kengele." Kengele! Kengele itamwangusha jogoo?

Lakini jioni ile ile, kabla hatujaondoka, alinipeleka kwenye kizimba cha Chafya. Akamtoa, akaniwekea mapajani, akaufunika mgongo kwa taulo na kuuweka mkono wangu juu yake. Moyo wa mnyama ulikuwa unakwenda kama cherehani. Tukakaa, mimi na mke mwenzangu, tusiseme kitu, jambo gumu kwangu kuliko kuruka uzio. Cherehani ikapunguza. Ikapunguza. Tone akaligeuza lile sikio jeupe kwenye mwanga, akanionyesha pale sindano ilipopita. Alama ndogo nyekundu, kavu, imejifunga. Yule aliyekuwa akizimia kwa mbu wa ukutani alikuwa ameinamisha pua karibu nayo kabisa, macho yanameremeta.

"Bibi," akaniuliza, "nani ameifunga?"

"Wale wa sindano na uzi."

"Na nani aliwaita?"

"Safari hii," nikamwambia, "niliwaita mimi."